TAFAKARI YA JUMA: MBEGU KATIKA UDONGO MKAVU



Tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kwa namna ya pekee kuwaombea marehemu wote. Lakini hapa Msalato, na katika Ugogo wote, mwezi huu una kazi ya pili: ndio mwezi wa kuandaa mashamba. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja tu, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, nazo hazimpi mtu ahadi. Ndiyo maana wakulima wengi hawasubiri tone la kwanza. Huipanda mbegu katika udongo mkavu kabisa, chini ya jua kali, wakitumaini kwamba mvua ikija itaikuta tayari ardhini.

Kwa hiyo katika juma moja, waamini wale wale hufika ofisi ya parokia wakiwa na bahasha yenye majina ya marehemu wao, kisha hurudi nyumbani kuchukua jembe. Wanawakumbuka wafu, na wanapanda mbegu. Juma hili tungependa kuonyesha kwamba kazi hizo mbili zinakaribiana sana, na kwamba ndani yake kuna jibu la swali ambalo watu wetu wametuuliza mara nyingi, msibani na kitandani pa mgonjwa: baada ya maafa makubwa, Mkristo anatumaini nini, na kwa msingi upi?

Nchi iliyozipa njaa majina

Wazee wa Ugogo hawakuzihesabu njaa kwa tarakimu za miaka. Walizipa majina, kama vile mtoto anavyopewa jina, ili zisisahaulike. Jina linalotisha kuliko yote ni Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Wanahistoria wamelifasiri neno hilo kuwa ni kugombania, hali ya kila mtu kunyakua kinachopatikana ili aione kesho. Inakadiriwa kwamba kati ya wakazi wapatao 150,000 wa Ugogo, watu 30,000 hivi walipoteza maisha. Tukiiweka hesabu hiyo katika lugha ya nyumbani, ni kama kusema kwamba kati ya kila watu watano waliozunguka sahani moja ya ugali, mmoja hakuwapo tena.

Yafaa tujiulize balaa hilo lilikujaje. Ukame ulikuwapo, lakini ukame si mgeni Ugogo, na babu zetu walikuwa na njia za kupambana nao. Walibadilishana mifugo kwa nafaka. Waliwakabidhi ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili balaa likipiga mahali pamoja lisilimalize zizi lote. Waliyajua matunda na mizizi ya porini, na mbuyu uliwalisha watu wazima na watoto. Kilichoubomoa uwezo huo ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Wajerumani yalikusanya nafaka na ng'ombe, yakawachukua wanaume kuwa wapagazi. Mwezi Julai 1916 mji wa Dodoma ukatwaliwa na majeshi ya upande wa Waingereza, nao pia wakahitaji nyama, nafaka na wapagazi. Mvua ilipokataa kunyesha, iliyakuta maghala matupu na mashamba yaliyokosa mikono. Kisha ikaja homa ya mafua ya mwaka 1918, ile iliyoizunguka dunia nzima, ikawakuta watu wakiwa tayari wamedhoofika.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu moja. Mkristo anapoulizwa, "Mungu alikuwa wapi wakati wa Mtunya?", hana budi kwanza kuuliza, "Ng'ombe walikuwa wapi? Mtama ulikuwa wapi? Vijana wenye nguvu walikuwa wapi?" Vilichukuliwa na wanadamu kwa ajili ya vita vya wanadamu. Kumbebesha Mungu mzigo wa yale yaliyofanywa na watu si unyenyekevu wala si imani. Ni kulitaja bure jina lake takatifu.

Hata hivyo Ugogo haukufa. Waliobaki walirudi mashambani. Mahali fulani, katika kila ukoo uliosalimika, palikuwa na mtu aliyeficha kibuyu cha mbegu, akakilinda huku tumbo lake likimdai. Sisi sote tunaokula uwele na mtama wa nchi hii leo ni wadeni wa mtu huyo, ambaye jina lake halijaandikwa popote.

Asubuhi ya tarehe 24 Juni

Kizazi chetu nacho kina jina lake la maafa, nalo ni Igandu. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wetu huu wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilishindwa breki ikiwa mlimani. Ikaanza kurudi nyuma, ikazidi kupata mwendo, hadi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake katika njia ile ile. Watu 281 walipoteza maisha, na mamia wakajeruhiwa. Baadhi ya marehemu hawakuweza kutambuliwa na jamaa zao, wakazikwa pamoja hapa Dodoma. Ni mojawapo ya ajali mbaya kabisa za reli zilizowahi kutokea barani Afrika.

Sisi wakati huo tulikuwa bado katika malezi ya seminari, na reli ile ilikuwa njia yetu ya kwenda masomoni na kurudi likizo. Tuliyajua mabehewa yake, watoto waliolala sakafuni juu ya vitenge, mama wauzao karanga na mayai katika kila kituo. Kwa hiyo waliokufa Igandu hawakuwa idadi tu kwetu. Walikuwa watu wa aina ile ile tuliozoea kuketi nao na kugawana nao maji.

Kuna jambo moja la siku hiyo ambalo limeendelea kutusumbua kwa miaka mingi. Tarehe 24 Juni Kanisa linaadhimisha Sherehe ya Kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Siku ambayo katika makanisa yote ya nchi ilisomwa Injili ya jirani na jamaa wakifurahi pamoja na Elizabeti kwa sababu Mungu amemhurumia, siku hiyo hiyo jirani na jamaa walikuwa wakitafutana kando ya reli. Mtu anaweza kusema ni sadfa tu. Lakini mwamini anayeishi kwa kalenda ya Kanisa hawezi kuipita siku hiyo bila kusikia mambo mawili kwa pamoja: kilio cha mtoto mchanga, na kilio cha mfiwa.

Hata Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya udongo na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh, yakiua watu zaidi ya 80, ilikuwa Dominika ya Kwanza ya Majilio. Ni siku ambayo duniani kote huwashwa mshumaa wa kwanza wa kumngojea Bwana. Maafa hayasubiri Kwaresima. Huja hata katikati ya sherehe zetu.

Maneno yanayojeruhi

Katika parokia yetu yupo mama mmoja ambaye mume wake alikufa Igandu. Kila ifikapo Juni huleta nia ya Misa. Hasemi mengi, lakini mwaka mmoja, baada ya Misa, alitueleza jambo ambalo tungependa kila Mkristo alisikie.

Alisema kwamba katika mwaka ule wa kwanza, kilichomuumiza baada ya kifo chenyewe ni maneno ya watu waliokuja kumfariji. Mmoja alimwambia, "Ni mapenzi ya Mungu, mama, usilie." Mwingine alimwambia kwamba Mungu huwachukua walio wema kwanza. Wa tatu alinong'ona kwamba huenda ukoo una laana, na kwamba angemfahamu mtu wa kuifungua. Mama yule akatuambia, "Baba Paroko, niliogopa kusali. Nilimwogopa Mungu ambaye watu wale walikuwa wakinihubiria."

Tulimwuliza kilichomrudisha kwenye sala ni nini. Akajibu kwamba msimu wa kilimo ulipofika, jirani zake wa Jumuiya Ndogo Ndogo walikuja asubuhi moja na majembe yao pamoja na kibuyu cha mbegu za uwele. Hawakuhubiri. Walilima na kupanda shamba lake mpaka jua lilipopanda, wakala naye ugali na mlenda, kisha mmoja wao akaanzisha Baba Yetu. "Siku hiyo," alisema, "niliweza kuitikia."

Wapendwa, hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa juu ya matumaini, yaliyotolewa na watu wenye udongo miguuni. Tujiulize sasa kama Injili yenyewe inayathibitisha.

Mnara wa Siloamu na jembe la mtunza shamba

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu analetewa habari za maafa, naye anataja mengine. La kwanza lilifanywa na mkono wa mtawala: Pilato aliwaua Wagalilaya wakiwa katika kutoa sadaka zao. La pili linafanana na ajali: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane, wakafa. Watu walitaka kujua kama waliokufa walikuwa wadhambi kuliko wengine. Hilo ndilo swali la binadamu wa nyakati zote: wamekosa nini hata yakawapata haya?

Bwana anakataa. Anasema wazi kwamba waliokufa hawakuwa wabaya kuliko waliosalimika. Anaifunga kabisa njia ile ya kumsoma marehemu kama mtu aliyeadhibiwa, kisha anawageukia walio hai na kuwaita kwenye toba, yaani wageuze mwenendo wao wakati bado wana muda.

Mara nyingi tunaposoma Injili hii tunaishia hapo, na tunakosa jambo kubwa. Mara tu baada ya kuzungumza juu ya mnara, Yesu anasimulia mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutia samadi.

Angalieni, ndugu zangu, mpangilio huu wa maneno ya Bwana. Ameulizwa juu ya maafa, naye hatoi maelezo ya kwa nini yametokea. Anasimulia habari za mtu mwenye jembe na samadi, anayeomba msimu mmoja zaidi. Wapo waliomwona Kristo mwenyewe katika mtunza shamba huyo. Basi jibu la Mungu kwa mnara ulioanguka si hotuba juu ya mnara. Ni mtu anayeinama chini, anayechimba, anayechafuka mikono yake kwa ajili ya uhai ambao wengine wamekwisha kuukatia tamaa. Ndiyo sababu mama yule alimtambua Mungu shambani mwake, baada ya kumkosa katika maneno ya wafariji.

Tuseme pia jambo jingine kwa uwazi. Kusema kwamba maafa si adhabu ya Mungu hakumaanishi kwamba hakuna anayewajibika. Breki za treni ni kazi ya mikono ya wanadamu. Ghala la kijiji ni kazi ya mikono ya wanadamu. Miti ya mlimani inakatwa au inatunzwa na wanadamu. Toba anayoidai Bwana baada ya mnara kuanguka inamhusu pia anayejenga mnara, anayeukagua na anayeweka sahihi kwamba uko salama. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutuunganisha na Dar es Salaam, na watoto wetu wanaipanda kwa furaha bila kulijua jina la Igandu. Tuwafundishe jina hilo bila kuwatia hofu, ili siku moja, watakapokuwa mafundi, wahandisi na viongozi, wakumbuke kwamba uzembe wa saa moja unaweza kuujaza mkoa mzima machozi.

Mbegu ni chakula

Zaburi ya 126 inazungumza juu ya mkulima anayekwenda shambani akilia huku amechukua mbegu zake. Walimu wetu wa Maandiko seminarini walitufafanulia kwamba zaburi hiyo ni wimbo wa waliorudi kutoka uhamishoni, nasi tuliandika hivyo katika daftari. Lakini ni wakulima wa Msalato waliotueleza kwa nini mkulima yule analia.

Katika mwaka wa njaa, mbegu ni chakula. Mama anayeitoa debe la mwisho la mtama ndani na kulipeleka shambani anawanyang'anya watoto wake uji wa jioni. Anakichukua kitu ambacho kingeshibisha leo, anakizika ardhini mahali asipokiona, kwa ajili ya mavuno asiyo na hakika nayo. Watoto wanamtazama. Jinsi gani asilie?

Mwaka mmoja ambapo mvua zilianza vizuri kisha zikakatika Januari, mzee wetu mmoja wa kigango alikuja kutuona. Alikuwa amepanda mara mbili, na mara zote mbili miche ilinyauka. Akatuuliza, "Baba, nina mbegu kidogo imebaki. Nikiipika, tutakula siku nne. Nikiipanda, labda sitavuna kitu. Kanisa linasemaje?" Si rahisi kulijibu swali kama hilo ukiwa umeketi nyuma ya meza. Tulisali naye kwanza. Kisha tukazungumza na wenzake wa Jumuiya, nao wakakubaliana kuchangia unga wa siku nne. Mzee yule akaenda kupanda.

Tunalisimulia hilo kwa sababu linaonyesha tofauti kati ya matumaini ya Kikristo na maneno matamu. Kumwambia mtu mwenye njaa "panda tu, Mungu atafanya" ni rahisi mno. Matumaini ya mmoja yanahitaji mapendo ya wengi ili yasiwe mateso. Ndiyo maana Kanisa linafundisha fadhila tatu za Kimungu kwa pamoja, imani, matumaini na mapendo, wala halizitenganishi. Imani ilimfanya mzee yule aulize. Matumaini yalimfanya apande. Mapendo yalimlisha kwa siku zile nne.

Tunasikia pia, siku hizi, sauti nyingi zinazoahidi kwamba aliye na imani ya kweli hatapatwa na balaa. Kwamba mafuta fulani au sadaka fulani itamfungia mtu milango ya hasara. Wapendwa, kama ingekuwa hivyo, tungesema nini juu ya Wakristo waliokuwa ndani ya treni ile, wenye rozari mikononi? Tungesema nini juu ya Mama Bikira Maria aliyesimama chini ya Msalaba? Mungu hakutuahidi njia isiyo na milima. Ametuahidi kwamba hatutapita humo peke yetu, na kwamba kifo hakitakuwa na neno la mwisho.

Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007, alipotaka kueleza matumaini ni nini, alitupa mfano wa binti wa Kiafrika. Ni Mtakatifu Josephine Bakhita, aliyezaliwa Darfur mnamo 1869, akatekwa angali mtoto na kuuzwa mara kadhaa katika masoko ya watumwa ya Sudan. Mwili wake ulibaki na makovu ya viboko. Alipofika Italia akamjua Kristo, akatambua kwamba juu ya mabwana wote waliompiga yuko Bwana mmoja, ambaye naye alipigwa, na ambaye anamjua na kumpenda. Akabatizwa tarehe 9 Januari 1890, na mwaka 2000 Kanisa likamtangaza kuwa Mtakatifu. Makovu hayakufutika, na Darfur ya utoto wake hakuirudia. Lakini alijua anapendwa, na kwa hiyo alijua anangojewa. Sisi ambao ardhi yetu ilikanyagwa na misafara ya karne ya 19 iliyokwenda pwani tunaweza kumwelewa Bakhita bila mkalimani.

Kaburi na shamba

Sasa tunaweza kuona kwa nini Novemba yetu ina kazi mbili. Katika Injili ya Yohane, sura ya 12, Bwana anajifananisha na chembe ya ngano inayoanguka ardhini na kufa ili izae. Anayeifahamu lugha ya mbegu anafahamu pia lugha ya kaburi. Tunapomshusha marehemu wetu ardhini, tunafanya jambo lile lile analolifanya mama yule na debe lake la mwisho: tunamzika tunayempenda mahali tusipomwona, tena tunalia, kwa sababu ni kitu cha thamani tulichonacho. Kanisa halijawahi kukataza machozi hayo. Bwana mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, hali akijua atamfufua.

Lakini machozi ya mpandaji si sawa na machozi ya aliyepoteza. Aliyepoteza hana anachongoja. Mpandaji ameiweka mbegu yake mikononi mwa Mungu, na ingawa macho yake yanaona vumbi tu, anaanza kuyatazama mawingu. Pasaka ni mavuno ya kwanza. Kristo ametoka kaburini, naye ni limbuko. Kama chembe moja imeota, udongo huu unaweza kuaminiwa na nyingine zote. Huo ndio msingi wa matumaini yetu, wala hatuna mwingine. Wale 30,000 wa Mtunya, ambao wengi wao walikufa bila hata kulisikia jina la Kristo, na wale wa Igandu waliozikwa bila majina, wote wako mikononi mwa Mungu anayemwita kila mmoja kwa jina lake.

Nabii Habakuki alifika pagumu zaidi. Alitazama mashamba yasiyotoa chakula na mazizi yasiyo na mifugo, maneno ambayo mtu wa Ugogo anaweza kuyasema juu ya mwaka anaoujua, na bado akaazimia kumfurahia Bwana. Hakusema kwamba mazizi yatajaa kesho. Alisema kwamba Mungu anabaki Mungu wake hata zizi likiwa tupu. Tumwombe Mungu tufike hapo, taratibu, kila mmoja kwa mwendo wake.

Tufanye nini juma hili?

Wapendwa, tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tuwakumbuke marehemu wetu kwa majina. Wazee walizipa njaa majina ili wajukuu wajifunze. Sisi nasi tuwasimulie watoto wetu habari za waliotutangulia, tuwaombee katika Misa Takatifu, na tuyatunze makaburi yao. Anayesahau maafa hujiandalia mengine.

Pili, tuchunge ndimi zetu msibani. Kama hatuna neno, tukae kimya na mfiwa kama walivyokaa rafiki za Ayubu siku zile saba za kwanza, kabla hawajaanza kuharibu kwa mafundisho yao. Na tusiache kwenda baada ya arobaini. Mfiwa anatuhitaji zaidi msimu wa kilimo unapofika.

Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iangalie kabla ya mvua kuanza: ni nyumba ipi haina mbegu, ni ipi haina mikono ya kulima, ni ipi imekwisha kuipika mbegu yake? Tusisubiri waombe. Mtunza shamba wa Injili hakusubiri mtini umwite. Kila mwenye kibuyu amgawie asiye nacho, na kila mwenye jembe atoe asubuhi moja.

Mvua haimo mikononi mwetu. Mbegu imo. Tuipande.

Tuombe: Ee Mungu Baba mwenye huruma, uliyempokea Mwanao katika giza la kaburi na kumwinua katika mwanga wa asubuhi ya Pasaka, uwapokee marehemu wetu wote, wanaojulikana na wasiojulikana. Uwafute machozi waliofiwa, uwalinde wanaosafiri, uwape hekima wale walioaminiwa uhai wa wengine. Utunyeshee mvua kwa wakati wake, na inapochelewa, utujalie mioyo isiyochoka kugawana. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo! Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.